Mchezo wa jukwaani kuwa tamthilia ya TV: nianzie wapi?

Mbele_ya_Pazia: Wakuu, naigiza jukwaani hapa Dar. Nina mchezo wa mtu mmoja wa dakika 60, nataka uwe tamthilia ya TV, niuandike mwenyewe na niwe prodyuza mmojawapo. Nipeleke skripti kama ilivyo? Na hakimiliki inakaaje?

KalamuNyekundu: Usiipeleke hivyo, mkuu. Jukwaani maneno ndiyo yanayobeba mchezo. Kwenye TV kamera hubeba sehemu kubwa. Ukurasa mmoja wa skripti ya skrini (fonti ya Courier, saizi 12) ni kama dakika moja, na kipindi cha nusu saa, matangazo yakiondolewa, hubaki dakika 22 hadi 24. Yale maneno ya mtu mmoja ya kurasa tatu ni dakika tatu za uso uleule. Mhariri atayafyeka.

Andaa wazo kwa sentensi moja au mbili, muhtasari wa ukurasa mmoja, wahusika (nani anataka nini, nani anamzuia), aya moja kwa kila episodi, na skripti kamili ya episodi ya kwanza. Wengi hukwama kwenye zile aya. Mchezo wa saa moja una mgogoro mmoja, nao unaisha. Ukifika episodi ya nne huna cha kusema. Tafuta kitu kinachozaa ugomvi mpya kila wiki: duka la familia, nyumba ya wapangaji, deni. Na wale uliokuwa ukiwaiga kwa sauti sasa ni waigizaji kamili, kila mmoja na malipo yake. Unganisha wawili wawe mmoja inapowezekana.

Jenereta: Hapo ndipo uprodyuza unapoanza. Pitia skripti sini kwa sini (onyesho moja moja), uorodheshe waigizaji, nguo, vifaa, lokesheni, mchana au usiku. Kuhama lokesheni katikati ya siku kunakula saa nyingi: taa zishushwe, zipakiwe, zifungwe upya. Ndiyo maana sini zote za sebule moja hupigwa pamoja hata zikiwa za episodi tofauti. Weka mtu wa mwendelezo (anayehakikisha nguo na vifaa vinalingana sini hadi sini) asiye na kazi nyingine, la sivyo bandeji itahama mkono. Sini za usiku punguza bila huruma.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe kabla ya kupiga picha, skripti ikiwa imekamilika.

Wakili_wa_Mtaa: Hakimiliki inaanza ukishaandika, kusajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kunakupa ushahidi. Ila wazo tupu halilindwi, kwa hiyo usiende kusimulia tu mdomoni. Soma kisa cha Michaela Coel, mwandishi na mwigizaji wa London: mchezo wake wa mtu mmoja wa 2012 uligeuka kuwa tamthilia ya E4, kituo cha TV cha Uingereza, mwaka 2015. Baadaye Netflix walimpa ofa ya dola milioni 1 kwa kazi nyingine, akaikataa kwa kuwa hawakumwachia sehemu ya hakimiliki. Akaenda BBC, akabaki na haki zake.

Wewe huna nguvu hiyo bado, lakini kipengele cha "haki zote, milele" kinajadilika. Toa haki ya TV kwa muda maalumu, za jukwaani zibaki kwako. Cheo cha prodyuza kiandikwe pamoja na kazi zake na malipo yake. Kikiwa jina tu kwenye skrini hakikupi kauli chumba cha uhariri.

Mbele_ya_Pazia: Wakikataa kabisa cheo hicho?

KalamuNyekundu: Omba uandishi mkuu, na haki ya kuandika rasimu ya pili kabla hawajaleta mwandishi mwingine. Hiyo wengi hawaikatai.