L'Anse aux Meadows ndiyo Vinland kweli au tunalazimisha?

Wakuu, kila mahali naona watu wanasema Vinland, ile nchi ya Amerika ambayo zile saga za Aislandi (masimulizi ya kale) zinasema Waviking, mabaharia wa Skandinavia, walifika, ilishapatikana, ni L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya Newfoundland huko Kanada. Mi nakataa. Kwamba Waviking walifika pale sibishi, tangu Helge Ingstad alipoonyeshwa yale matuta mwaka 1960 na mkewe Anne Stine akaongoza uchimbaji, zikatoka nyumba, sehemu ya kufulia chuma, pini ya shaba nyeusi. Ila saga zinasema baharia wao Leif Eiriksson na watu wake walikuta zabibu mwitu, na pale zabibu haioti. Sasa inakuwaje?

— Mkuu unaruka mwaka 1021. Kuna mionzi ilipiga dunia mwaka 993 ikaacha alama kwenye miti, wanasayansi wakaikuta kwenye mbao za palepale zilizokatwa kwa chuma, wakahesabu pete za ukuaji wa mti (moja kila mwaka) mpaka kwenye gome, jibu 1021. Saga ziliandikwa miaka ya 1200 huko na bado zimepatia wakati. Unataka nini tena?

Hiyo inathibitisha watu walikuwepo, haisemi pale ndo Vinland. Soma Eiríks saga rauða, moja ya hizo saga, inataja sehemu mbili: Straumfjörður walipokaa majira ya baridi, na Hóp kusini zaidi kwenye zabibu. Birgitta Wallace, aliyechimba pale miaka ya 1970, anasema L'Anse aux Meadows ni Straumfjörður, kambi ya kukarabatia meli, na Vinland ni eneo zima kuzunguka Ghuba ya St. Lawrence. Mi niko naye.

— Ndo tatizo lako hilo, saga ya pili, Grænlendinga saga, haina Straumfjörður wala Hóp, ina kambi ya Leif basi. Zinapishana halafu wewe unachukua ile inayokubeba.

Zinapishana, sawa, kwa hiyo tuziweke pembeni kidogo tuangalie udongo. Yalipatikana maganda ya njugu za mti fulani wa jamii ya jozi ambao Newfoundland hauoti kabisa, wa karibu uko New Brunswick, jimbo la Kanada kusini zaidi, na huko zabibu mwitu zipo. Na msiniambie yaliletwa na mawimbi, maana kulikuwa pia na kipande cha mbao ya mti huohuo kimekatwa kwa kifaa cha chuma. Nani alikibeba kama sio wao wakitokea kusini?