Amri ya kuwaua Waamaleki: hoja hii dhidi ya Ukristo inavuja wapi?

Mdadisi:
Wakuu, naomba hoja hii ikaguliwe kwa ukali. Siamini kuwa Mungu yupo, na pingamizi langu kubwa kwa Ukristo ni la kimaadili. Naiweka hivi:

1. Mungu wa Wakristo ni mwema kabisa.
2. Aliye mwema kabisa hawezi kuamuru mtoto anyonyaye auawe.
3. Mungu wa Biblia aliamuru hivyo (1 Samweli 15:3: nabii Samweli anamwambia mfalme Sauli, kwa jina la Mungu, aliangamize taifa la Waamaleki, hata watoto wanaonyonya).
4. Kwa hiyo Mungu wa Wakristo hayupo.

Majibu yanayorudi kila mara ni matatu: nimeung'oa mstari kwenye muktadha wake, Waamaleki walistahili, na asiye na Mungu hana mizani ya kupimia mema na mabaya. Kuna mahali hoja inapasuka kweli? Au niiache nishike ile ya mateso duniani?

Fundi Mantiki:
Inapasuka kwenye hatua ya mwisho. Kinachotoka kwenye 1, 2 na 3 ni kwamba haziwezi kuwa kweli zote kwa pamoja. Hakuna kinachomlazimisha Mkristo aiachie namba 1. Anaweza kuiachia namba 3, na wapo waliofanya hivyo zamani sana. Origene, mwanateolojia wa karne ya 3, alizisoma vita za Yoshua kama vita dhidi ya dhambi za moyoni. Marsioni, mwalimu wa kabla yake, alikwenda mbali zaidi: alilikataa Agano la Kale lote, akatengwa na kanisa la Roma mwaka 144. Kwa hiyo unahitaji dai jingine katikati: "Kila ambacho Biblia inasema Mungu alikiamuru, alikiamuru kweli." Ukishaliweka, hoja inamkaba anayeshika kwamba Biblia haina kosa lolote. Haimkabi kila Mkristo, na ni vizuri useme hivyo mwanzoni kabla hujaambiwa.

Kuhusu mateso, usirudie kosa linalofanywa kila siku. "Mungu ni mweza yote, Mungu ni mwema, uovu upo" si mkinzano mpaka uongeze madaraja, yaani madai ya kuziunganisha. Mwanafalsafa J. L. Mackie, asiyeamini Mungu, alilijua hilo mwaka 1955, akaongeza mawili: mwema huondoa uovu kadiri awezavyo, na mweza yote hana mpaka wa anachoweza. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, akayapiga hayo hayo mwaka 1974: kama viumbe wana hiari ya kweli, huenda hata mweza yote asiweze kuumba ulimwengu wenye watu huru ambao hawakosei kamwe, kwa sababu uchaguzi ni wao. Angalia neno "huenda". Plantinga hahitaji hilo liwe kweli, anahitaji liwezekane tu, maana aliyedai mkinzano ni mpinzani wake. Ndiyo maana hata kwa matetemeko ya ardhi anaweza kutaja hiari ya roho waovu bila kulazimika kuthibitisha kwamba wapo.

Tangu hapo wengi wamehamia kwenye hoja ya mwanafalsafa William Rowe ya mwaka 1979, ambayo haidai mkinzano bali uwezekano mdogo. Mfano wake ni mtoto wa paa aliyeungua kwenye moto wa msituni, anateseka siku kadhaa, hakuna anayemwona wala anayejifunza lolote. Jibu la Stephen Wykstra, 1984: kutoiona sababu si ushahidi kwamba haipo, ikiwa akili yako ni ndogo mno kuiona. Jibu hilo lina gharama ambayo hutajwa kwa nadra. Kama hatuwezi kuzikadiria sababu za Mungu, basi hatujui pia kama ana sababu nzuri ya kutudanganya katika ahadi zake.

Msoma Kiebrania:
Usiiache ya Waamaleki, ila ibadilishe shabaha. Isome sura nzima. Mstari wa 2 unataja sababu: Waamaleki waliwashambulia Israeli njiani walipotoka Misri. Kumbukumbu la Torati 25:17-19 inaeleza kosa lenyewe, kwamba waliwapiga wanyonge waliochoka nyuma ya msafara. Sasa fanya hesabu. 1 Wafalme 6:1 inaweka miaka 480 kati ya kutoka Misri na mwaka wa 4 wa Sulemani. Ondoa hiyo minne, utawala wa Daudi wa miaka 40 na miaka ya Sauli. Bado unabaki na karibu karne nne. Mtoto anayeuawa anaadhibiwa kwa kosa la mababu wa vizazi vingi nyuma.

Kisha fungua Kumbukumbu la Torati 24:16, sura moja tu kabla ya ile ya Waamaleki: watoto wasiuawe kwa makosa ya baba zao, kila mtu auawe kwa dhambi yake mwenyewe. Nayo haikuwa sheria ya kwenye karatasi. Katika 2 Wafalme 14:5-6 mfalme Amazia anawaua waliomuua baba yake na kuwaacha hai watoto wao, na mwandishi anasema alifanya hivyo kwa sababu ya sheria hiyo. Ezekieli 18:20 inairudia. Hapo huhitaji maadili yako wewe hata kidogo. Kipimo ni cha Biblia, na amri ni ya Biblia.

Mzee wa Kanisa:
Ndugu zangu, nashukuru mmeuliza kwa heshima. Niseme yanayostahili kusemwa upande wetu.

Kwanza, lugha ya vita ya nyakati zile ilikuwa ya kukuza. Farao Merneptah, karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mbegu ya Israeli haipo tena. Mesha wa Moabu, karne ya 9 kabla ya Kristo, akaandika kwamba Israeli imeangamia milele. Zote mbili si kweli, na hakuna anayewaita waongo. Ndivyo wafalme walivyotangaza ushindi. Yoshua 10:36-39 inasema Hebroni na Debiri hakubaki mtu, halafu katika sura ya 15 miji hiyo hiyo inahitaji kutekwa tena. Waamaleki "walioangamizwa" wanauchoma mji wa Siklagi katika 1 Samweli 30, na vijana 400 wanatoroka na ngamia.

Pili, mwenye kutoa uhai ana haki ya kuutwaa, jambo ambalo mimi na wewe hatuna.

Tatu, bado sijasikia mnapopata mizani.

Msoma Kiebrania:
Mzee, la kwanza nalikubali kama historia. Hata neno lenyewe, *herem*, kitu kilichotengwa kwa Mungu ili kiangamizwe, Mesha analitumia kwa mji wa Nebo alipoutoa kwa mungu wake. Lina mzizi mmoja na "haramu" yetu iliyotoka Kiarabu.

Lakini katika sura hii njia hiyo inaziba. Sauli alimwacha hai mtu mmoja, mfalme Agagi, na mifugo iliyonona, akajitetea kwamba ni ya dhabihu. Kwa hilo akanyang'anywa ufalme, na Samweli akamkata Agagi vipande kwa mkono wake. Kama amri ilikuwa ya kukuza maneno, Sauli aliitimiza vya kutosha. Simulizi lote linategemea amri kuchukuliwa neno kwa neno, hadi kondoo wa mwisho.

Fundi Mantiki:
La pili: Mungu hakuwatwaa watoto kwa ugonjwa wala kwa usingizi. Aliwaweka kwenye upanga wa askari, na askari yule ni mtu mwenye dhamiri. Haki ya kutwaa uhai haijibu kwa nini mtu aamriwe kufanya kile ambacho sheria ileile inamkataza.

La tatu: kuonyesha kwamba shahidi anajipinga, wakili hahitaji kuwa na ushahidi wake mwenyewe. Na hata tukiligusa swali la mizani, lipo tangu Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa kuwa ni jema? Jibu zuri la upande wenu nadhani ni la mwanafalsafa Robert Adams, kwamba amri hufunga tu ikiwa inatoka kwa Mungu mwenye upendo. Ni jibu makini sana. Lakini ukilishika, amri ya 15:3 inakosa nguvu ya kumfunga yeyote.

Mdadisi:
Asanteni sana. Naiandika upya:

1. Kila amri ambayo Biblia inasema ni ya Mungu ilitoka kwake.
2. Mungu mwenye haki haamuru kinyume na kanuni yake ya haki.
3. Kanuni yake ni kwamba mtoto asiuawe kwa kosa la baba (Kumb 24:16).
4. Kwa 1 Samweli 15:2-3, aliamuru watoto wauawe kwa kosa la mababu.
5. Kwa hiyo ama namba 1 si kweli, ama Mungu huyo hana haki.

Mzee, wewe ungeachia ipi?

Mzee wa Kanisa:
Kuna watakaosema 24:16 ni ya mahakama za wanadamu, haimfungi Mungu. Mimi siwezi kulitumia hilo kwa moyo mweupe, maana waliotumwa walikuwa wanadamu na Ezekieli hasemi habari za mahakama.

Ningeachia namba 1. Yeremia 7:31 inataja watoto waliochomwa moto, na Bwana anasema hakuliagiza jambo hilo wala halikuingia moyoni mwake. Samweli, kwa usomaji huo, alisema kwa jina la Bwana alichoamini kuwa ni cha Bwana. Najua gharama yake: itanibidi nieleze, kila mahali palipoandikwa "Bwana asema hivi", ninajuaje.

Msoma Kiebrania:
Anza na Hesabu 31:17, Mzee. Pale anayeamuru watoto wa kiume wa Wamidiani wauawe ni Musa, na aya hiyo haina "Bwana asema hivi".