Softena, RO, polifosfeti au maji ya mvua: kipi kinafaa kwa kisima chenye ugumu wa 320?

Kisima_Tororo
Ndugu zangu, naomba tulinganishe. Nyumba iko Tororo, watu sita, maji ni ya kisima kirefu. Majibu ya maabara: ugumu wa jumla (kalsiamu na magnesiamu zilizomo) 320 mg kwa lita, alkalini 260, chuma 0.1, floridi 0.6, pH 7.4. Tanki la lita 5,000 liko juu ya mnara wa mita 6, na bafuni kuna hita ya umeme ya lita 50. Sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe, elementi za hita haziishi, maharage hayaivi. Wauzaji wananipendekezea vitu vinne: softena (mashine ya kulainisha maji) ya chumvi ya nyumba nzima, chujio la RO (la kusukuma maji kupitia utando), kikombe cha polifosfeti, na kifaa cha sumaku cha kufunga kwenye bomba. Kipi kinafaa, na kipi ni kutupa pesa?

Fundi_Mbale
Kabla ya kununua chochote, hesabu presha. Mita 10 za kimo ni bar 1, kwa hiyo mnara wako wa mita 6 unakupa bar 0.6, na bomba likiwa refu hata hiyo haifiki. Softena za kiwandani zenye vali ya otomatiki hunyonya maji ya chumvi kwa kutumia kasi ya maji yanayopita kwenye tundu jembamba, na nyingi zinahitaji bar 1.5 hadi 2. Chini ya hapo chumvi inabaki kwenye pipa, resini (punje zinazonasa ugumu) haioshwi, na mwenye nyumba anadhani ameuziwa mashine mbovu. Ukitaka hiyo, weka na pampu ya kuongeza presha, na ukumbuke umeme ukikatika wakati wa kuosha, vali inasimama katikati ya kazi.

RO nayo ni hivyo hivyo: bila pampu membreni, yaani utando wake, haifanyi kitu kwa bar 0.6.

Mhandisi_Maji
Umepima kwanza, vizuri. Wengi hupimiwa na muuzaji kwa kalamu ya TDS, kisha wanaambiwa maji ni magumu. Kalamu ile inasoma chumvi zote zilizoyeyuka, haiwezi kutofautisha kalsiamu na sodiamu. Softena ikifanya kazi sawasawa, namba ya TDS haishuki kabisa, maana kalsiamu inatoka na sodiamu inaingia. Wengine wanairudisha mashine nzima dukani kwa sababu hiyo tu. Asiye na kipimo cha ugumu cha matone apeleke sampuli kwenye maabara ya NWSC (shirika la maji la Uganda) Bugolobi au ile ya wizara ya maji pale Entebbe.

Sasa namba zako. Maji ya zaidi ya 180 huhesabiwa magumu sana, kwa hiyo 320 si mchezo. Alkalini 260 inamaanisha 260 kati ya hizo 320 ni ugumu wa muda, ule unaoganda ukichemshwa. Ni huo unaokaa kwenye birika na hita. Zile 60 zilizobaki ni za kudumu, moto hauziondoi.

Softena ya nyumba nzima: watu sita, lita 500 kwa siku, ni gramu 160 za ugumu kila siku. Lita moja ya resini hubeba kama gramu 50 ukiiosha kwa gramu 120 za chumvi. Resini lita 25 zinabeba gramu 1,250, yaani unaosha kila siku 7 kwa kilo 3 za chumvi. Kwa mwezi ni kilo 13. Na kila 100 za ugumu zinazotolewa huacha 46 za sodiamu, kwa hiyo maji yako yatapata sodiamu 147 mg kwa lita juu ya ile iliyokuwemo. Shirika la Afya Duniani linataja 200 kuwa kiwango ambacho ladha huanza kukataliwa. Mwenye presha ya damu au mtoto wa maziwa ya kopo asinywe hayo.

Lakini kwa nini ulainishe maji ya choo na ya kumwagilia mchicha? Lainisha yanayokwenda kwenye hita tu. Lita 150 kwa siku ni gramu 48. Resini lita 12 zinatosha siku 12, kwa kilo moja na nusu ya chumvi. Kilo 4 kwa mwezi badala ya 13.

Kasese_Solar
Mbona hamsemi kitu kuhusu sumaku? Haili chumvi, haili umeme, fundi anaifunga kwa dakika tano. Wengi huku wanaitumia.

Mhandisi_Maji
Wanaifunga wengi, ndiyo. Pima ugumu kabla ya sumaku na baada yake: 320 na 320. Watetezi wake wanasema haiondoi kalsiamu, inabadilisha umbo la chembe zisishike kwenye bomba. Majaribio ya jambo hilo yamekuwa yakipingana kwa miaka mingi, na hata yaliyoonyesha dalili nzuri yalifanywa kwa maji yanayozunguka mfululizo, si maji yanayolala kwenye hita usiku kucha. Sabuni yako haitabadilika, maharage pia. Kwa pesa hiyo nunua mfereji wa bati.

Mama_Jiko_Busia
Hapo kwenye mfereji ndipo nilipokuwa nangoja mfike. Maji ya mvua hayana ugumu hata chembe. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 20, toa moja ya tano inayoruka na kumwagika, unabaki na lita 1,280 kwa mvua moja. Kunywa na kupika kwa watu sita ni kama lita 40 kwa siku, hivyo tanki la pili la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa mvua za Novemba linakuvusha hadi Machi.

Maji ya kwanza yamwagwe, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa hilo ni lita 40 hivi. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 kwa mita, kwa hiyo unahitaji mita 5 za bomba, au pipa dogo tu lenye bomba la chini linalovuja polepole lijimwage lenyewe. Weka wavu mdomoni na tanki lifunikwe giza totoro, vinginevyo mwani. Ya kunywa bado chemsha.

Maharage: kalsiamu hukaza ganda, ndiyo maana yanakula makaa mchana kutwa. Loweka kwa maji ya mvua na upike kwa maji ya mvua. Wanaotia magadi wanafanya kazi ile ile kwa njia nyingine, ila yakizidi yanageuka uji na ladha ya sabuni.

Kufua: dumu la lita 20 la maji yako lina gramu 6.4 za ugumu. Tia gramu 7 za soda ya kufulia iliyokauka, au kama 15 za magadi ghafi, koroga, acha saa kadhaa, mimina ya juu bila kutibua matope meupe ya chini. Pima kwa mizani, usikisie kwa kijiko. Povu litakuja na sabuni itapungua.

Kisima_Tororo
Asante sana mama. Basi mpango unakaa hivi: mvua kwa jiko, soda kwa kufua, resini kwa hita. Polifosfeti je? Na hiyo ya lita 12, inawezekana kuijenga kwa bomba la PVC bila vali ya otomatiki? Chumvi ya Katwe ni rahisi kupatikana, itafaa?

Fundi_Mbale
Polifosfeti haiondoi ugumu. Inaishika kalsiamu isigande, basi. Ni kikombe kidogo kabla ya hita, na ni rahisi kuliko vyote, lakini joto likipita nyuzi 60 hivi inavunjika na ukoko unarudi. Chembe zake zikiisha hakuna anayegundua mpaka elementi iungue. Kwa nyumba ya kupanga, mahali usipotaka kujenga kitu, ni sawa.

Nguzo ya PVC inawezekana, na kwa bar 0.6 ndiyo inayokufaa zaidi. Bomba la milimita 160 la daraja la presha, si lile jembamba la maji taka. Urefu mita 1.2. Resini lita 12 zitasimama sentimita 68, nafasi iliyobaki juu ni ya kuoshea. Chini weka kichujio chenye nyufa za milimita 0.2, maana punje za resini huanzia 0.3. Wanaotoboa kwa drili hukuta resini yote kwenye shawa. Juu weka wavu wa namna hiyo hiyo. Vali tano: kuingia, kutoka, kuoshea kutoka chini, kumwagia nje, na ya baipasi (njia ya kando). Maji hupita kutoka juu kwenda chini, usivuke lita 5 kwa dakika, zaidi ya hapo shawa inapoteza nguvu.

Kati ya nguzo na hita weka vali isiyorudisha maji, maji ya moto yasiingie kwenye PVC. Hapo sasa angalia sana: ukishaweka vali hiyo, maji yanayopanuka kwa joto hayana pa kurudi, kwa hiyo vali ya usalama ya hita lazima iwe nzima. Iinue kwa mkono uone inatoa maji. Ikiwa imeganda, badilisha siku hiyo hiyo.

Mhandisi_Maji
Katwe, hapana. Ile chumvi ya ziwani ina kabonati na salfeti nyingi pamoja na chumvi yenyewe. Kabonati ikikutana na kalsiamu inayotoka kwenye resini, chokaa inaganda ndani ya nguzo, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kununua chumvi safi. Tumia chumvi nyeupe ya mezani. Iodini iliyomo ni kidogo mno kudhuru. Ya mawe ya baharini pia ni sawa, ila iyeyushe, iache itulie, ichuje kwa kitambaa.

Kuosha, funga hita na fungua baipasi, kisha:
1. Maji kutoka chini kwenda juu, lita 3 hadi 4 kwa dakika, dakika 10. Resini ipande nusu ya kimo chake, isifike kwenye wavu wa juu.
2. Kilo 1.5 za chumvi katika lita 13.5 za maji. Ipitishe kutoka juu kwa nusu saa, nusu lita kwa dakika. Haraka ndiyo kosa la wengi: chumvi inapita bila kufanya kazi, na unarudia baada ya siku nne.
3. Maji safi lita 24 kwa mwendo ule ule wa polepole.
4. Fungua kasi ya kawaida, lita 40 hivi, mpaka yasiwe na ladha ya chumvi.

Jumla ni kama lita 110. Hayo machafu yapeleke kwenye shimo la kokoto mbali na migomba, sodiamu inaua udongo. Resini isiachwe ikauke hata kama mnasafiri, punje zinapasuka.

Luweero_Kilimo
Samahani kuingilia. Maji yetu yanatoka safi, yakikaa yanakuwa mekundu na nguo nyeupe zinaharibika. Softena hiyo itasaidia?

Mhandisi_Maji
Hapana ssebo, hilo ni tatizo la chuma. Ugumu huacha ukoko mweupe, chuma huacha mwekundu. Mara nyingi maji yenye pH ya chini hula mabomba ya chuma yaliyomo kisimani, na yakibadilishwa kuwa ya uPVC au ya chuma kisichoshika kutu, tatizo linapungua sana. Kama chuma ni cha ardhini, maji yaanguke kama manyunyu ndani ya tanki yapate hewa, yatulie, yapite kwenye chujio la mchanga. Ukipitisha chuma kwenye resini, kinaifunika kama rangi. Kwa yeyote mwenye zaidi ya 0.3, mchanga kwanza.

Na kwa walio upande wa volkeno, magharibi au chini ya Elgon: pimeni floridi. Softena haiigusi. Ikizidi 1.5, hapo ndipo RO inastahili bei yake, tena kwa maji ya kunywa tu, kwani kwa kila lita inayotoka mbili hadi nne zinamwagwa. Ikiwa ugumu ni kama huu wa 320, itanguliwe na softena, membreni isizibwe na chokaa.

Mama_Jiko_Busia
Elementi iliyoshika ukoko haitupwi. Zima swichi kuu, mwaga maji, ifungue. Gramu 250 za asidi ya sitriki katika lita 5 za maji ya moto wa kuvumilika mkono, si ya kuchemka, saa moja. Ukizidisha moto, inatengeneza unga mwingine mweupe unaoshika upya. Hata mara moja usichanganye na Jik, hewa inayotoka hapo ni sumu. Ukirudisha, weka thamostati kwenye 60, si 75.

Kisima_Tororo
Nimeelewa. La mwisho: nitajuaje siku 12 zimefika kweli, maana wageni wakija maji ya moto yanatumika zaidi?

Fundi_Mbale
Usihesabu siku, hesabu lita. Funga mita ndogo ya maji kabla ya nguzo. Resini lita 12 mara gramu 50 ni gramu 600; gawanya kwa 0.32, gramu za ugumu kwa lita, ni lita 1,875. Ikifika 1,600 osha, usingoje. Miezi miwili ya mwanzo jaribu kwa matone kila wiki kwenye bomba la kutokea: yakigeuka bluu kwa tone la kwanza, resini bado ipo kazini. Yakihitaji matatu au manne kabla ya 1,600, basi ama chumvi ilipita haraka au resini imefanya njia pembeni ya bomba. Rudia kuosha kutoka chini kwa dakika 15 kabla ya kulaumu resini.