Tupeane uzoefu: kona ya utulivu darasani

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro

Walimu wenzangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu kona ya utulivu, yaani ile sehemu ndogo ya darasa ambapo mtoto aliyekasirika, aliyeogopa au anayelia hukaa dakika chache hadi moyo wake utulie, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Nitaanza na kosa langu. Nina wanafunzi 74. Mwaka jana nilitandika mkeka nyuma ya darasa, nikaweka mto wa vipande vya kitenge na chupa ya maji yenye gundi kidogo na shanga ndogo, ili mtoto aigeuze na kuzitazama zikishuka taratibu. Lakini wiki ya kwanza nilikuwa nikisema, "Nenda kwenye kona!" kwa sauti ileile niliyokuwa nikiwaamrisha nayo wapige magoti. Haikuchukua siku nyingi nikamsikia mtoto akimwambia mwenzake kwamba pale ni mahali pa watoto wabaya. Niliumia sana. Niliukunja mkeka kwa wiki mbili, kisha nikaanza upya kwa kuwafundisha watano watano, asubuhi, wakiwa hawana hasira yoyote: namna ya kuvuta pumzi puani na kuitoa polepole kama anayepoza uji, na namna ya kuinua kadi ya njano kuomba ruhusa bila kusema neno. Siku kelele ziliponichosha, nilikwenda kukaa pale mimi mwenyewe, nao wakaniona. Sasa wanakwenda kwa hiari yao.

Mwalimu wa PP2 (mwaka wa pili wa elimu ya awali), Kilifi

Ahsante, mwalimu. Huku Kenya viboko shuleni vilikatazwa mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia, ila mimi binafsi nilichelewa kujua nishike nini baada ya kuweka fimbo chini. Darasa langu halina nafasi, kwa hiyo kona yangu ni jamvi barazani, mlangoni kabisa, mahali ambapo jicho langu linafika muda wote. Chupa ifungwe kwa gundi kali, kwani yangu ilifunguliwa siku ya pili na shanga zikaanza kuingia midomoni.

Mwalimu wa darasa la pili, Tanga

Nilikuwa na mtoto aliyekwenda kwenye kona kila siku kabla ya saa nne asubuhi, na mara nyingi nilimkuta amelala. Nilidhani anakwepa hesabu. Nilipoketi naye mkekani na kumuuliza kwa upole, nilielewa kwamba anaondoka nyumbani bila kula chochote. Nikazungumza na bibi yake, anayemlea, na tukakubaliana awe anakuja na kiporo cha muhogo. Bado huenda kwenye kona, lakini si kila siku. Tangu hapo ninaandika daftarini nani amekwenda na saa ngapi, kwa sababu kona ile hunionyesha mambo ambayo mtoto hajui kuyasema.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Morogoro

Daftari hilo nitalianza Jumatatu. Je, kwa mtoto asiyetaka kutoka mnafanyaje? Mimi nimeunganisha chupa mbili za soda mdomo kwa mdomo, ndani nikatia mchanga uliochekechwa, unaochukua kama dakika tatu kushuka. Ukiisha na bado analia, haruhusiwi kufukuzwa. Ninamgeuzia chupa mara ya pili na kukaa karibu naye.