Tupeane uzoefu: chakula cha Malaysia ulichoonjeshwa na rafiki

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nilisoma Gombak, pembeni ya Kuala Lumpur. Mwezi wa kwanza nilikula wali na kuku wa kukaanga kila siku, maana ndicho nilichokitambua kwa macho. Aliyenitoa humo ni mwenzangu wa chumbani, kijana wa Kelantan. Siku moja baada ya swala ya alfajiri akanipeleka kwa mama mmoja aliyepanga vifurushi vya majani ya mgomba mezani kando ya barabara. Nasi lemak. Kufungua hivi, wali wa nazi! Tui limekolea, ila wao hutia na jani la pandani, ukoo mmoja na mkadi wetu, harufu yake inakufikia kabla ya tonge. Pembeni dagaa wakavu wa kukaanga, karanga, tango, yai, na sambali, pilipili iliyopikwa ikaiva: utamu unatangulia, ukali unafuata. Nikamkumbuka bibi yangu Tanga, amekalia mbuzi anakuna nazi.

Mwenzangu akaniambia jambo jingine lililonigusa. Shambani wanasema padi, dukani beras, sahanini nasi. Mpunga, mchele, wali! Kuanzia hapo sikujiona tena mgeni mezani kwao. Leteni na yenu, hasa mliyoonjeshwa na wenyeji.

Dada wa Mombasa
Kwangu mimi ni mamak, ndugu zangu. Ni migahawa ya Waislamu wenye asili ya India, mingi iko wazi usiku kucha. Roti canai inarushwa na kutandazwa hadi unaona mwanga kupitia unga, inakunjwa, inachomwa, inaletwa na mchuzi wa dengu. Anayejua chapati za kusukuma ataielewa mara moja. Teh tarik ni chai ya maziwa mazito ya kopo, inamiminwa toka chombo hadi chombo mkono ukiwa juu mpaka itoe povu. Sema "kurang manis" kama hupendi sukari nyingi.

Kisa changu hasa ni cha rafiki yangu Mtamil, mwenye asili ya India ya kusini, aliyenipeleka kula wali kwenye jani la mgomba. Nilipomaliza nikalikunja jani kwenda mbele. Akanishika mkono taratibu, akalikunja upya kuja upande wangu. Akanieleza kwamba kulikunja kuja kwako ni kusema umeridhika, na kwenda mbele ni desturi ya msibani. Hakunicheka hata kidogo. Hadi leo namshukuru.

Mchangiaji, Dodoma
Penang! Wenyeji wa George Town, mji mkuu wa jimbo hilo, walinifundisha kuagiza nasi kandar kwa neno moja, "banjir", yaani mafuriko: unamiminiwa michuzi kadhaa juu ya wali, ichanganyike. Assam laksa nayo ni tambi kwenye mchuzi wa samaki wenye ukwaju. Waislamu wenzangu, char kway teow, tambi pana za mchele za kukaanga, ya vibanda vya Wachina mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, ulizeni kwanza.

Mpenda matunda, Unguja
Wenzangu walikuwa wananinunulia rambutan wakidhani ni ajabu kwangu. Nikawaambia hii ni shokishoki, kwetu tunauziwa kwa mafungu! Hata doriani tunayo. Ila wao wanaila kwa heshima ya pekee, wanakaa barabarani na muuzaji, anapasua, mnaonja, mnajadili uchungu na utamu wa kila aina kama watu wanaojadili kahawa. Msiipeleke hotelini, nyingi zinaikataza kwa sababu ya harufu.

Mchangiaji, Dar
Mleta mada, umenitia hamu. Hiyo sambali inapikikaje hapa nyumbani?

Mleta mada
Inawezekana kabisa, mkuu. Loweka pilipili kavu, saga na vitunguu maji na kitunguu saumu. Wao hutia belacan, uduvi waliochachushwa wakakandwa kuwa donge. Mimi hapa nilichukua uduvi wakavu wa sokoni, nikawakaanga kidogo, nikawasaga humo humo. Pika kwa mafuta ya kutosha, moto mdogo, usiache kukoroga, mpaka mafuta yapande juu. Malizia na ukwaju, chumvi na sukari. Wali wa nazi uwe tayari pembeni, na dagaa ukaange mwisho kabisa ili wasilainike.