Naomba ushauri: titaniamu au fuawe ya mgonjwa mwenyewe?

Wakuu, swali kwa wanaofanya upasuaji wa sikio la kati. Ncha ndefu ya fuawe (mfupa wa katikati kati ya vile vitatu vidogo vinavyopitisha sauti sikioni) imeliwa na usaha wa miaka mingi. Nyundo (mfupa wa kwanza, ulioshikana na kiwambo, yaani ngoma ya sikio) ipo, kikuku (mfupa wa tatu, wa ndani) kizima na kinacheza kikiguswa. Kolesteatoma (uvimbe wa ngozi unaokula mifupa ya sikio) hakuna, sikio ni kavu.

Njia ya kwanza ya kurudisha usikivu ni kuitoa fuawe iliyobaki, kuichonga kwa drili ndogo na kuitoboa kishimo ikae juu ya kichwa cha kikuku. Mwili hauikatai, ila inaweza kuliwa taratibu au kugandana na ukuta wa mfupa, usikivu ukashuka tena. Ya pili ni kiungo bandia cha titaniamu: chepesi, na vipo vya kurekebishwa urefu. Kikigusa kiwambo moja kwa moja, huweza kukitoboa na kutoka nje, ndiyo maana gegedu huwekwa katikati. Haidroksiapataiti (madini kama ya mfupa, nayo hutengenezewa viungo bandia) huelewana na mwili vizuri, lakini kuichonga ni kazi: inameguka kama chaki.

Sasa, gegedu mnalikata unene gani? Nusu milimita, au mnalipunguza zaidi? Na urefu mnaupimaje? Kiungo kikizidi kinakisukuma kiwambo, kikipungua kinateleza kutoka kwenye kikuku, na kwa jicho la hadubini robo milimita haionekani kirahisi.

La mwisho: pengo kati ya fuawe na kikuku likiwa milimita 1 au 2 tu, kuna anayeliziba kwa saruji ya mfupa na kuiacha fuawe mahali pake? Nijuavyo, pakiwa na damu au ute haishiki.