Mlango wa mbele unagoma kufunga usiku wa baridi, mchana unafunga. Shida iko wapi?

Mama Nasra (Leicester)

Asalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa mafundi. Tumepanga nyumba, mlango wa mbele ni ule wa plastiki nyeupe, wa kuinua mkono wa mlango juu kwanza ndipo uzungushe ufunguo. Tulihamia wakati wa joto, haukuwa na neno. Ilipoingia Novemba ukaanza vituko: usiku nauegemea kwa bega, nauinua mkono kwa nguvu zangu zote, na bado ufunguo hauzunguki. Mchana jua likipiga upande wa mbele unafunga kama kawaida.

Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kutusaidia na mtoto. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, na yeye hana nguvu za kuinua ule mkono. Analala mlango umerudishiwa tu, na mimi kazini roho haitulii. Wakala wa nyumba anasema kitasa tumekichakaza sisi, tununue kingine. Je, ni kweli baridi inaharibu kitasa?

Baharia wa Mkoani

Waaleikum salaam dada. Tia mafuta ya nazi kidogo kwenye tundu la ufunguo kwa unyoya wa kuku. Sisi huku Pemba hewa ya chumvi inakula vitasa kila mwaka, na dawa yetu ndiyo hiyo.

Fundi Kombo (Milton Keynes)

Mama Nasra, usinunue kitu kwanza. Na kaka yangu wa Mkoani, nakuheshimu, lakini mafuta ya nazi huku usimwambie mtu ayatie kwenye kitasa. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Huko kwenu ni maji, kwenye mlango wa Leicester mwezi wa kumi na mbili ni nta. Utakuwa umeziba silinda, pale ufunguo unapoingia, kwa mkono wako.

Kazi yangu hapa ni milango na madirisha tangu 2009, na kila baridi ya kwanza ikipiga simu hazikatiki, zote za jambo hili hili. Mara nyingi kitasa ni kizima. Kilichohama ni mlango.

Fanya hivi leo usiku, wakati ule ule unaposumbua. Ufungue mlango wazi kabisa, usiguse fremu. Inua mkono, zungusha ufunguo. Ukizunguka laini, basi kitasa hakina kosa, na wakala akuombe radhi. Ukiwa mgumu hata mlango ukiwa wazi, hapo ndipo tuzungumzie giaboksi, lile sanduku dogo lililo ndani ya mlango nyuma ya mkono.

Sasa kwa nini baridi. Ukiinua mkono, kuna chuma kirefu ubavuni mwa mlango kinapanda na kutoa ndoano, moja juu na moja chini, pamoja na viroda, vile vigurudumu vidogo vinavyoubana mlango kwenye mpira wa fremu. Kila kimoja kina tundu lake kwenye fremu, na nafasi ni ndogo sana. Plastiki hii inasinyaa kwa baridi kuliko chuma, mara tano sita hivi. Mlango wa mita 2, joto likishuka nyuzi 20, plastiki peke yake ingepungua karibu milimita 3. Chuma kilichotiwa ndani kinaizuia isifike huko, lakini hata milimita moja na nusu yatosha ndoano kugonga bati badala ya kuingia tunduni.

Kuna na jambo la pili, na nadhani kwako lipo, kwa kuwa umesema mchana unafunga. Upande wa ndani una joto la nyumba, upande wa nje una baridi. Uso wa nje unafupika, wa ndani unabaki na urefu wake, kwa hiyo mlango unapinda kama upinde: katikati panavimba kuja ndani, ncha za juu na chini zinakwenda nje. Kama una redieta hapo ukumbini karibu na mlango, kupinda kunazidi. Jua likipiga uso wa nje, pande mbili zinakaribiana joto, mlango unanyooka. Wakati wa kiangazi milango ya rangi nyeusi inayotazama jua hupinda upande wa pili, na wenyewe hunipigia simu Julai kwa malalamiko hayo hayo.

Nakusihi jambo moja: acha kuulazimisha ule mkono. Giaboksi halivunjiki kwa baridi, linavunjika kwa watu kuuning'inia mkono ilhali ndoano imegonga bati. Na likivunjika mlango ukiwa umefungwa, kutoka ni shughuli.

Tafuta lipstiki, usicheke. Paka kwenye ncha za ndoano mlango ukiwa wazi, kisha funga, inua mkono taratibu mpaka pale unapogoma, halafu fungua utazame alama imeangukia wapi kwenye bati la fremu. Nijibu hapa.

Wanja (Limuru)

Fundi, mimi mlango wangu ni wa mbao, saiprasi. Hapa kwetu Juni mpaka Agosti ni ukungu na manyunyu, na ndipo unakwama kabisa, lazima niupige teke. Nao ni baridi?

Fundi Kombo (Milton Keynes)

Hapana, dada, wako ni unyevu. Mbao hainenepi kwa baridi, inanenepa kwa kunywa maji ya hewani, na inanenepa kwa upana, urefu haubadiliki sana. Usimruhusu fundi apige randa sasa. Januari ukikauka utaona mwanya wa kupitisha kidole. Subiri ukauke, uutoe kwenye bawaba, upake rangi au vanishi ukingo wa juu na wa chini. Hapo ndipo mafundi wengi huruka kwa sababu hapaonekani, na ndipo mbao inapokunywa zaidi.

Mzee wa Minneapolis

Naongeza kidogo. Huku Minnesota ni kinyume cha Limuru. Majira ya baridi hita inakausha hewa ya ndani hata midomo inapasuka, mlango wa mbao unasinyaa, ulimi wa kitasa haufiki kwenye kibati chake. Na udongo ukiganda unanyanyua ngazi za mbele pamoja na fremu. Mlango wangu wa nyuma unapanda Januari na kushuka Aprili. Niliongeza tundu la kibati kwa tupa, basi.

Mama Nasra (Leicester)

Fundi, Mungu akubariki. Mlango ukiwa wazi ufunguo unazunguka kama siagi. Lipstiki imeacha alama kwenye bati, chini ya tundu, ndoano ya juu na ya chini vilevile. Na redieta ipo kweli, hatua moja kutoka mlangoni.

Fundi Kombo (Milton Keynes)

Alama ikiwa chini ya matundu yote mawili, mlango umelala kwenye bawaba, yaani umeshuka. Wakati wa joto ulikuwa unapenya kwa bahati, baridi imemaliza ile nafasi iliyobaki. Dawa ni kuinua bawaba kwa ule ufunguo mdogo wa pembe sita wenye umbo la L, nusu mzunguko kwa kila bawaba, zote sawasawa, unajaribu, unarudia. Kisha viroda vilegezwe kidogo, na ndoano zipulizwe silikoni. Fundi mzoefu hamalizi saa nzima.

Lakini nyumba si yako, usiguse wewe. Mwandikie wakala kwa barua pepe, usipige simu. Ambatisha video mbili, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, na picha ya ile alama. Mtajie kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985 ya hapa Uingereza: kutengeneza muundo na sehemu za nje za nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na mlango wa mbele ni sehemu ya nje. Mwambie pia kuna mtu mzima na mtoto wanaolala humo na mlango haufungi.

Mpaka waje, punguza ile redieta ya ukumbini jioni. Mama mkwe akitaka kufunga, aushike mkono aunyanyue mlango kidogo, na goti lisukume mlango kuelekea nje hapo karibu na kitasa, ndipo ainue mkono. Ukishafunga, ufunguo utundikwe ndani pahala anapopafikia gizani, mbali na tundu la barua lililo mlangoni, ili akihitaji kutoka usiku asiutafute.